Pumzi ya Tano

Kondoo alinitazama machoni, nami nikajua kwamba hata yeye ameelewa. Tulikuwa upande usio wetu wa barabara, kwenye mlima wa kutoka Meru kwenda Kibirichia, sambamba na lori refu. Anko Ngari alikuwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Gari lilinguruma vizuri sana. Kwenda ndiko kulikoshindikana. Mbele, pale kona inapofunguka, lori la maziwa lilikuwa likiteremka kutujia.

Kabla hatujafa, ni haki nieleze tulivyofika hapo.

Asubuhi hiyo ya likizo ya Agosti tuliondoka Kianjokoma kwenda kumposea Anko mke. Kiende, msichana mwenyewe, alikuwa amekubali. Waliobaki ni watu wa kwao. Na wazee wa Kimeru hawafungui mdomo kuhusu binti yao kabla ya kuona kondoo dume na asali. Pikapu iliyobeba vitu hivyo iliharibika Chuka. Basi kondoo akahamia gari la kifahari, juu ya kiti cha ngozi nyeupe, katikati yangu na Cucu Nelius, bibi yangu, aliyepakata mtungi wa asali kama mtoto wa kubatizwa. Tulikuwa tumeambiwa saa sita. Saa sita ilitukuta mjini Meru, na Anko akaacha kupiga mluzi.

Lilikuwa gari la Kijerumani, silinda nane. Kijitabu chake kilisema linatoka sifuri hadi kilomita mia kwa saa ndani ya sekunde tano, na Anko alikuwa amenisomea ukurasa huo mara nyingi kuliko Zaburi.

"Anko," nilisema tulipoanza kupanda, kwa sauti ya mwalimu wangu wa fizikia, "kijitabu kilipima gari kule chini, usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi. Na injini yako haina turbo, ile feni ya kuisukumia hewa. Katika kila pumzi tano, inanyimwa moja."

"Munyi, umetumwa na nani?"

"Na sayansi."

"Toa simu upime. Nikishalipita hilo lori, sayansi itaniomba msamaha."

"Na uzito wa kondoo niuandike wapi?"

"Andika kwenye paji la uso wako."

Nilicheka. Nilifungua saa ya simu ya kuhesabu sekunde, Anko akaingia kulia, nami nikabonyeza.

Tulipita magurudumu ya nyuma ya lori kwa fahari. Tulipofika katikati yake, ile pumzi ya tano ikakosekana. Injini ilipiga kelele zaidi na ubavu wa lori ukaacha kurudi nyuma. Lori la maziwa likawasha taa. Ningependa kusema nilisali. Nilishika pembe za kondoo kwa mikono miwili, simu ikaanguka miguuni, na sikupata neno lolote la kuchekesha.

"Ngari," Cucu alisema taratibu. "Rudi, mwanangu."

Anko alikanyaga breki. Dereva wa lori akayaingiza magurudumu yake ya kushoto kwenye nyasi, karibu kabisa na mtaro, kutupa nafasi. Tulijirudisha nyuma yake, na lori la maziwa likapita na honi yake ndefu. Asali kidogo ilimwagika kwenye gauni la Cucu la kanisani.

Hapo ndipo nilipousoma mgongo wa lori: MITHIKA NA WANAWE, VIAZI, KIBIRICHIA.

Baba yake Kiende anaitwa Mithika.

"Labda ni Mithika mwingine," nilisema.

Tulilifuata polepole, tukimeza vumbi lake, huku kila mmoja akiomba lipitilize njia ya kwao kina Kiende. Halikupitiliza. Lilikata kona pale pale tulipoelekezwa, likaingia lango lile lile.

Wazee walikuwa bado wamekaa. Dereva akashuka, akanawa mikono: Kaberia, kaka mkubwa wa Kiende, ambaye bila neno lake hakuna binti anayetoka boma hilo. Alimpapasa kondoo mgongoni. Alionja asali kwa kidole. Kisha akaliangalia doa la asali kwenye gauni la Cucu.

"Mmechelewa," Mzee Mithika alisema. "Njiani kulikuwa na nini?"

Anko alianza na habari za pikapu iliyoharibika Chuka.

"Walikuwa nyuma yangu, baba," Kaberia alisema. "Ni mimi niliyekuwa naenda polepole." Akavuta kiti. "Kaa, shemeji."

Anko akakaa. Baadaye, chai ilipokuwa ikizunguka, aliniinamia.

"Munyi. Zilikuwa sekunde ngapi?"

Nilikuwa nimeiokota simu chini ya kiti, ikiwa na manyoya ya kondoo. Niliitoa mfukoni nikamwonyesha. Namba zilikuwa bado zinakimbia.

"Bado, Anko," nilimwambia.

Akaichukua, akaitazama, akanirudishia bila kuizima.