Majina Yaliyohama

Mimi ndiye karani wa shule, na jedwali la vyakula kwenye kompyuta nililitunza kama mboni ya jicho. Lilikuwa na jina la kila mtoto na, mbele ya jina, chakula kinachomdhuru. Tulilitumia wengi, kwa hiyo nikalitia kufuli. Nesi akitaka kuongeza mtoto alibonyeza kitufe tu, na makro, programu ndogo niliyoiandika, ikafungua kufuli, ikapanga majina, ikafunga tena. Hakuna mkono wa mtu uliohitajika humo.

Kengele ya chakula ilikuwa imeshalia nilipookota chini ya printa lebo moja ya sahani, zile tunazochapa kutoka kwenye jedwali. Ilikuwa ya mtoto wa dada yangu, yule mlafi anayemaliza hadi makombo ya wenzake. Imeandikwa: ASIPEWE MAZIWA. Asubuhi alikuwa amekunywa vikombe viwili mbele yangu!

Nilikimbilia chumba cha nesi. "Nesi, umeligusa jedwali?"

"Kidogo tu, dada. Makro yako ilikuwa inasuasua, nikaikatiza katikati. Nikapanga majina mwenyewe."

"Majina peke yake? Na vyakula?"

Alinigeuzia kompyuta. Kufuli lilikuwa limebaki wazi, majina yakahama, vyakula vikabaki palepale. Na lebo zilikuwa zimeshabandikwa kwenye sahani.

"Leo wanakula nini?"

"Mboga za karanga."

Tulimkumbuka kwa pamoja: Chiriku wa darasa la pili, aliyewahi kuvimba koo kwa biskuti moja ya karanga hadi akakosa pumzi. Nesi alikimbilia sindano ya dharura ya mtoto huyo, mimi nikatangulia, viatu mkononi. Njiani nilimlaani nesi, nikailaani printa, nikajilaani mwenyewe kwa kukosa kuweka onyo makro ikikatizwa. Niliogopa mno.

Bwaloni, mpishi wetu, ambaye ni shemeji yangu, alikuwa amemsimamia Chiriku, mwiko mkononi. Sahani ilikuwa imejaa. Mtoto ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka.

"Shemeji, ondoa hiyo sahani!"

"Anadeka tu huyu. Lebo yake haijakataza kitu."

Niliinyakua sahani. Nyuma yangu nesi aliingia akipiga kelele kila mtoto aweke kijiko chini. Nilipiga magoti. "Umeonja?"

Chiriku alitikisa kichwa, kisha akaishusha mikono taratibu.

"Nilimwambia sili karanga," alisema. "Akasema kompyuta ndiyo inayojua."

Shemeji aligeuka kunitazama. Maneno hayo nilimfundisha mimi.