Wapagazi wa Kozi

Kila asubuhi, kabla ya kubandika uji, Levina alianika michembe juu ya bawa la kushoto la ndege ya kivita iliyokuwa uani kwake, nje kidogo ya Igalula. Viazi vyake vilikauka vizuri kuliko vya majirani wote, kwa sababu bawa lilikuwa juu, kuku hawakulifikia, tena liliinama kidogo kuelekea jua. Liliinama kwa sababu mtu aliyelibeba nchani, babu yake Eustace, alikuwa mfupi kuliko wenzake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeamkaje?"

Levina alikuwa na mvi kichwa kizima, na meno ya mbele yalikwisha kumuaga. Babu yake alikuwa kijana wa ndevu za kuhesabu, kwa kuwa alikufa katika umri huo, wakati Wazungu wakigombania Tabora, na tangu hapo hakuzeeka. Alisimama palepale na ndege begani, yeye na wenzake: wawili kila bawa, mmoja mkiani, na mbele Reveriani, mtu wa Urundi, mkono wake kwenye pangaboi. Homa iliwaua wote wakiwa wamesimama.

Kufa hakukuwaondolea mzigo. Mpagazi wa njia ya misafara hakuweka mzigo chini mpaka kirangozi, mkuu wa msafara, aseme, na kirangozi wao alikuwa amefia Ugogo. Amri ikabaki kwa Luteni, rubani mwenyewe. Huyo aliwaambia, "Subirini hapa, natafuta petroli," akaondoka na mbwa wake. Petroli yenyewe haikuwa na pa kutiwa. Injini ilizama kivukoni kabla hawajafika hata nusu ya njia kutoka pwani.

Hata hivyo Kozi, maana hilo ndilo lilikuwa jina la ndege, ilipigana vita yake barabara. Luteni alikaa ndani na kofia ya ngozi, akifoka, "Kushoto! Kulia!", wapagazi wakikimbia nayo katikati ya miombo, na Reveriani akikimbia kinyumenyume huku anazungusha pangaboi kwa mkono. Adui walikuwa wamefundishwa kuitazama ndege inayopita angani. Hii iliyokuja kwa njia ya miguu, ikihema, hawakuwa na mafunzo nayo, wakatimua mbio. Katika mapigano ya Igalula Kozi iliruka kweli, kwa sababu palikuwa na kichuguu. Eustace aliisimulia siku hiyo kwa fahari. Akiulizwa adui walikuwa nani, alisema hawakuambiwa.

Levina alikuwa na haja moja tu. Babu yake hakuwahi kufanyiwa matanga, kwani huwezi kumwekea matanga mtu unayemwamkia kila asubuhi. Huko makaburini parokiani, pembeni ya bibi yake Apolinaria, paliachwa nafasi ya mtu mmoja, na kila mwaka Levina aling'oa magugu kwenye ile nafasi tupu. Sasa magoti yalikuwa yanamsumbua. Wanawe walikuwa Dar, na walipokuja likizo waliwapiga wapagazi picha, wakarudi. Aliogopa kufa akimwacha babu yake amesimama, bila mtu wa kumtilia ugoro puani.

Alikwisha kumwambia mwenyewe aweke chini. "Wewe ni mke wangu, siyo kirangozi," alijibiwa. Padri naye aliwaamuru kwa jina la Bwana, wakaitikia amina, wakabaki vilevile. Mzigo ule ulitolewa na serikali, walisema, basi serikali iupokee.

Kwa hiyo gari la ofisi ya kumbukumbu za vita lilipoingia uani, Levina alihisi moyo unamwenda mbio kama msichana. Akashuka afisa mmoja mpole, jina lake Valentino. Aliwaamkia wapagazi mmoja mmoja, na alipoona mikono yao ina kazi hakuwalazimisha kushikana. Nyuma ya gari palikuwa na jiwe la marumaru, litakalozinduliwa Jumamosi na mgeni rasmi. Lilieleza jinsi Kozi ilivyotawala anga la Unyamwezi. Luteni alikuwapo kwa majina yake matatu, na chini yake mbwa.

"Na hawa?" Levina aliuliza.

"Tumeandika 'na wasaidizi wake', mama. Jiwe halina nafasi."

"Mbwa ameenea."

"Mbwa yumo kwenye historia, mama."

"Haya, baba, sigombani na mbwa. Wewe ni serikali. Waambie waweke chini, nimzike babu yangu."

Valentino alijikuna shingo. Ndege ya kivita ikikaa chini, alieleza, itaonekana imeanguka, na bajeti ya nguzo za zege haikupita. Labda mwaka ujao wa fedha. Alisema hayo kwa masikitiko ya kweli, akala michembe, akasifu, akafungiwa na ya kuondoka nayo.

Levina hakulala na hasira yake. Kesho yake alikwenda mjini, mpaka Mtendeni, kwa Twalibu, Mzaramo muuza mitumba. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa katika njia ileile ya misafara, na mtani ana ruhusa zake. Msibani anaweza kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, na atakayenuna ndiye mwenye makosa. Twalibu alisikiliza huku akikunja suruali.

"Yaani mizoga yenu imesimama miaka yote hiyo, ndiyo leo mnaniita?" alisema. "Wanyamwezi hamna adabu."

Jumamosi palikuwa na turubai, viti vya plastiki na soda. Mgeni rasmi alikuwa ameketi, na Valentino ameshika mkasi kwenye sinia, Twalibu alipotokea amevaa koti la kike la manyoya na kofia ya ngozi. Akapanda ndani ya Kozi, akakaa kwenye kiti cha Luteni.

"Nyie washenzi wa bara!" alifoka. "Vichwa bapa kama sinia la mkate! Petroli nimeipata, ilikuwa kwa shemeji yangu, na mbwa anawasalimu. Wekeni chini!"

Wapagazi walitazamana. Amri ya mtani ni mzaha, lakini penye msiba ni kazi, na hapo msiba ulikuwapo, umecheleweshwa tu. Isitoshe, petroli ilikuwa imepatikana. Wakapiga magoti taratibu, na Kozi ikakaa ardhini. Reveriani alikunjua vidole kimoja kimoja. Eustace alinyoosha miguu mavumbini, na Levina akaziona nyayo zake kwa mara ya kwanza. Zilikuwa nyeupe kwa vumbi la njia yote ile. Akamletea maji kwa glasi ya wageni. Wanawake wakaanza kulia kilio cha matanga, kilio kizuri cha sauti tatu, na jirani mmoja akaenda kuchukua majembe. Levina alijaa furaha hata akasahau magoti.

"Mbona ndege imeharibika?" mgeni rasmi aliuliza.

Valentino alikuja mbio, jasho linamtoka, akachuchumaa mbele ya wapagazi kwa heshima zote.

"Wazee wangu, shikamooni. Nawaombeni muinyanyue kidogo tu, mheshimiwa akate utepe."

"Hiyo ni amri?" Eustace aliuliza.

Valentino alimtazama Levina, akatazama turubai.

"Ni amri. Lakini ya muda."

"Msinyanyue, mabwege nyie!" Twalibu alipiga kelele kutoka kwenye kiti cha rubani. Lakini utani ni utani, na serikali ni serikali. Eustace alimaliza maji, akamrudishia Levina glasi kwa mikono miwili, akainuka. Waliimba ule wimbo wa kubebea, wakainyanyua Kozi na mtani akiwa bado yumo ndani.

Mgeni rasmi alikata utepe. Aliizunguka ndege, akainama na kupita chini ya bawa la kushoto, akauliza imewezaje kuning'inia hivyo miaka yote.

"Ni ufundi wa zamani, mheshimiwa," Valentino alijibu.

Watu wakapiga makofi. Mwenye majembe alikuwa amerudi, akayaegemeza ukutani.

"Mke wangu," Eustace alinong'ona, shingo yake imenyooka, "umesikia? Katuita ufundi."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesifiwa kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo lililomliza Levina.