Mgomba wa Nkongolo

Kaburi la Nkongolo lilichipua mara tu mvua ya kwanza ilipoanguka, na tangu siku hiyo ukoo wa Kayembe haukuonja amani.

Asiyejua atauliza mtu anachipuaje. Basi ajue kwamba ndani ya kaburi lile hapakuwa na mtu. Nkongolo alifia China mwaka ule wa korona, ndege zilipolala na mipaka ikafungwa. Alikuwa kule akinunua vipuri vya pikipiki na kuvituma Lubumbashi. Kifua kikambana, na kabla marafiki zake hawajajua wamkimbilie nani, alikuwa amekwisha kwenda. Alichomwa moto akawa majivu. Mama mmoja mzee aliyekuwa amempangisha chumba akamhurumia, akayatia majivu yake katika mtungi na kuyapeleka kwenye hekalu la kale la Kibuda huko milimani kwao, yakawekwa pamoja na ya wenyeji. Habari zote hizo zilifika nyumbani Kamina kwa simu, na Marceline, mama yake, alizisikiliza akiwa ameshika mwiko wa bukari, ugali wa kwao, asielewe hata nusu yake.

Katika ukoo wao, Waluba wa Kasai waliozaliwa na kukulia kwenye reli ya Katanga, mtu akipotelea mbali huzikwa mgomba badala yake. Shina hufungwa shuka, likaliliwa, likatiwa ardhini, matanga yakavunjwa. Na shina hilo hukatwa juu ya ardhi, likiwa tupu, ili lioze kimya kimya. Mkulima yeyote wa Kaniama angewaambia hivyo. Lakini Kayembe, baba wa marehemu, alikuwa dereva wa treni mstaafu, na waliokuja kumsaidia walikuwa wenzake wa dipo, watu wanaoijua boliti kwa kuigusa tu, ila ndizi wameijua sahanini. Walipoinua panga, Kayembe akawazuia kwa ukali.

"Munakata wapi? Mutoto wangu atatembea na nini? Mumung'oe na miguu yake yote."

Hakuna aliyethubutu kubishana na mzee mwenye msiba. Mama yake Kayembe mwenyewe alikuwa amezikwa haraka haraka kando ya reli, wakati ule Wakasai walipofukuzwa Katanga na kulala vituoni wakingoja treni, na leo hakuna anayeweza kuonyesha ni wapi. Basi mgomba ukang'olewa mzima, na lile tunguu lake la chini lenye mizizi likaviringishwa shuka kwa heshima kama nyayo za mtu. Wachimbaji nao, kwa kuwa walijua hawamziki mtu, wakategea. Shimo likafika magotini, wakasema linatosha. Ukiupanda mgomba vizuri namna ile, uote nini, mahindi?

Kabongo, mdogo wake Kayembe, ndiye aliyeliona jani kwanza. Akalikata kwa panga. Likarudi. Akamwaga chumvi, akamwita mchungaji aombe, likarudi nene kuliko mwanzo. Mwaka uliofuata Kayembe akafa usingizini, halafu mimba ya binti ya Kabongo ikaharibika, na maneno yakaenea mtaa mzima wa watu wa reli: Nkongolo amekataa. Hataki mti ulale mahali pake. Aletwe mwenyewe.

Marceline aliitikia pamoja na wengine. Moyoni alikuwa na jambo jingine, na alilionea aibu. Kila alipokwenda makaburini kupalilia, alichelewa kurudi. Aliketi kwenye kivuli cha yale majani mapana, akayasikia yakipigana na upepo, akajikuta anasimulia: bei ya unga imepanda, dada yako amefaulu, paa la jikoni linavuja. Wakati wa kiangazi alibeba kidumu cha maji akisema ni cha kunawia mikono. Alijua vizuri kwamba ule ni mgomba tu. Lakini ulikuwa umetoka pale alipomlilia mwanawe, na ulikuwa hai, na mama mwenye njaa ya mtoto hachagui sana. Mwaka huu ulikuwa umezaa mkungu, na watoto wa mtaani wanaoiba hata mahindi ya padri hawakugusa ndizi moja.

Tshiela, binti yake wa mwisho, alipopata nafasi ya kusoma China, Kabongo akaona njia imefunguka. Akaja uani kwa shemeji yake amevaa koti, jambo lililomaanisha kwamba anazungumza kwa niaba ya ukoo.

"Mama Nkongolo, sasa tuko na muntu kule. Tshiela akamate train, aende ku ile hekalu, alete yaya yake Nkongolo. Ule mugomba tutautosha, tuung'oe, tutengeneze nafasi, tumuzike muzuri."

"Shemeki, minyi ninakubali," alisema Marceline. "Lakini usiguse mugomba mbele Tshiela amushike mu mikono. Unasikia? Amushike kwanza."

"Nimesikia," alisema Kabongo, na pengine siku ile alikuwa amesikia kweli.

Asubuhi ya safari Marceline alikwenda kuketi kwenye benchi la kituoni, kwa sababu pale ndipo simu inaposhika vizuri, na kwa sababu pale ndipo alipozoea kungojea watu. Kituo kilikuwa kitupu. Siku hizi treni ikiingia Kamina watu hutoka kuitazama kama harusi. Mbuzi wawili walikuwa wakila nyasi katikati ya reli bila wasiwasi wowote, na mbuzi si wajinga.

Kule China ilikuwa mchana tayari. Uso wa Tshiela ukatokea kwenye simu, umevaa kofia ya sufu.

"Mama, unaniona? Niko mu train."

"Iko inaenda?"

"Inaenda, mama. Inakimbia sana. Angalia inje."

Marceline akaangalia. Mashamba ya kabichi, mabwawa ya kijivu, nyumba ndefu zisizo na mtu dirishani, vyote vikapita vimelowa mvua. Akaisogeza simu sikioni, akasikiliza. Alikuwa ameishi na mtu wa reli maisha yake yote. Marehemu mumewe aliweza kusema wamefika wapi kwa kusikia tu jinsi magurudumu yanavyogonga kwenye maungio. Hii haikugonga. Ilinong'ona tu, moja kwa moja, na abiria walilala midomo wazi. Hakuna aliyebeba kuku, hakuna aliyeuza mayai, hakuna aliyemwuliza binti yake anakwenda kumzika nani.

"Juu ya nini hapana bantu banaongea?" aliuliza.

"Hapa njo vile, mama. Kila mutu na mambo yake."

Marceline alimhurumia mwanawe wa kwanza upya. Miaka yote ile alikuwa akisafiri ndani ya ukimya wa namna hii.

Tshiela akashuka, akapanda basi, basi likazunguka mlima. Simu ikakatika, ikarudi. Iliporudi alikuwa anapanda ngazi za mawe zilizoliwa na nyayo za watu wa kale, ukungu umefunika miti. Mlangoni mwa hekalu walisimama wazee wenye vijiti vinavyofuka moshi. Ndani lilikaa sanamu kubwa la dhahabu iliyochujuka, macho yamefumbwa nusu, kama mtu anayesikiliza habari aliyoijua zamani.

"Tshiela," Marceline alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba sanamu lingemsikia, "usipige magoti."

"Sipigi, mama."

Lakini moyo wa Marceline ulikuwa umeanza kulainika. Mahali palikuwa pasafi. Mtu alikuwa amefagia. Alijiambia kwamba Nkongolo hakulala vibaya, kisha akajiambia kwamba sasa anarudi. Akaona kuhani mmoja kijana, kichwa kimenyolewa, akizungumza na simu yake, na simu ikimtafsiria Tshiela. Akaona Tshiela anatikisa kichwa. Kuhani akarudia. Kisha wakatoka nje, wakapita nyuma ya ukumbi, hadi kwenye mnara mdogo wa mawe ulioota kuvu la kijani. Tshiela akasimama pale kwenye manyunyu.

"Mama."

"Unamuona? Iko wapi?"

"Mama, ule mumama mwenye kumuleta alishakufa. Balingojea miaka tatu, hakuna mutu mwenye kuja. Kwabo miaka tatu ikiisha, majivu ya bantu benye habana na mutu banaimwanga pamoja. Balimumwanga humu, mama. Na bengine."

"Bamutoshe mule ndani."

"Haiwezekane. Majivu ilishachanganyika."

"Bengine njo banani?"

"Sijue. Bantu tu, mama. Bantu benye hakuna mwenye kubafwata."

Maji yakimwagika hayazoleki, na majivu je? Marceline aliendelea kuutazama ule mnara. Kwanza hakusikia chochote ndani yake. Halafu likaja wazo, na aibu nayo ikaja pamoja nalo: basi mgomba utabaki. Hakuna tena sababu ya kuung'oa. Alitaka afike pale, aushike, amwambie Kabongo na ukoo mzima kwamba hiki ndicho tulichobakiwa nacho, mkiache. Akainuka benchini, akavuka reli, simu mkononi bado iko wazi, akashika njia ya makaburini karibu anakimbia. Mwanamke wa umri wake hakimbii bure. Waliomwona walidhani ameona nyoka.

Aliona moshi kabla hajafika.

Kabongo alikuwa amevua shati. Vijana wawili aliowakodi walikuwa wameegemea majembe. Mgomba ulilala ubavuni, majani yamekanyagwa, mkungu umetupwa mbali kwenye nyasi. Pale ulipokuwa umesimama palikuwa na shimo, na safari hii lilichimbwa kwa bidii, kina cha mtu. Lile tunguu walikuwa wamelipasua kwa shoka vipande vipande, wakavimwagia mafuta, vikawa vinaungua polepole na kutoa majimaji.

"Umekuya mubio, Mama Nkongolo!" Kabongo alisema kwa fahari, jasho likimtiririka. "Nilisema mutoto akifika akute nafasi tayari. Leo nilimaliza na mizizi. Haitarudia tena."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani amwambie mtu aliyefanya kazi ya ukoo kwa mikono yake mwenyewe? Marceline alitaka kumtukana. Akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache, yule mama mzee amekufa, miaka mitatu, mnara, wengine. Kabongo akachukua shati lake akajifuta uso, akaendelea kujifuta hata jasho lilipokwisha.

Wote wanne waliangalia shimo. Katika ukoo wao shimo la kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu litamtafuta wa kwake. Mmoja wa vijana akarudi nyuma hatua moja.

"Tutakata mugomba ingine," Kabongo alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nitatuma ku Kaniama kwa mutu mwenye kujua. Tutafanya sawasawa."

"Hapana."

"Mama Nkongolo, shimo..."

"Nimesema hapana. Nililia mugomba mara moya, nikaulea, mukauua. Sitalilia ingine. Mufukie."

Hakuna aliyeinama. Marceline akatia simu mfukoni, akamnyang'anya kijana wa karibu sepetu, akaanza mwenyewe. Udongo ulikuwa mzito, una maji. Alitupa, akatupa, huku anahema, na Kabongo akalia kwa sauti kama mtoto, akimwomba aache, akimwambia atajiletea balaa.

"Kama inataka mutu, ikuye kwangu," Marceline alisema bila kusimama. "Inajua nyumba."

Ilimchukua muda mrefu. Udongo ulipojaa akaupiga kwa mgongo wa sepetu hadi ukawa sawa na ardhi ya pembeni, bila tuta, bila alama. Hapo ndipo aliposikia sauti ndogo ikimwita kutoka kwenye mfuko wa kitenge chake. Tshiela hakuwa amekata simu. Bado alikuwa amesimama kwenye mvua mbele ya mnara wa watu.

"Mama, banataka kufunga mulango. Nimuambie yaya nini?"

Marceline alishika simu kwa mikono miwili yenye udongo. Alijaribu kulipata neno la kumwita nyumbani, lile ambalo mama humwita nalo mwanawe jioni chakula kikiwa tayari, kisha akatazama pale alipotaka kumwitia.

"Umuambie azoee na bale bengine," alisema. "Umuambie asitungoje."

Akasikia Tshiela akiyasema hayo, kwa Kiswahili chao cha Kamina, kwa sauti iliyokatika katikati. Ndipo Marceline alipolia. Kwa miaka yote alikuwa hajamlilia Nkongolo, aliililia shuka, aliulilia mti. Sasa alimlilia yeye, kijana wake mwenye kifua kibovu, aliyekufa kati ya watu wasiosemezana. Kabongo akawaambia vijana waende. Moshi ukaisha, na mama yule akabaki ameketi kwenye udongo mbichi, hana mtoto wa kuzika wala mgomba wa kumwagilia.