Vidato Kumi na Vinane vya Nasib Bek

Shule tunayopigia kura hapa mjini kwetu, katika bonde la Bekaa, ina ngazi ya vidato kumi na vinane hadi ghorofani, nami nimevipanda vyote bila kugusa hata kimoja. Uchaguzi uliopita vijana wanne wa mbunge wetu, Nasib Bek, walininyanyua na kiti changu cha magurudumu kama wanaohamisha friji, wakanitua mbele ya sanduku, na mpiga picha wao akaniambia nitabasamu. Picha ile ilikaa miezi mitatu ukutani mwa duka la dawa. Kila nikienda kuchukua dawa za mama najiona nacheka kama mjinga.

Nasib Bek huyohuyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya bunge inayoukalia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Serikali iliutia saini nikiwa bado shule. Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu, miaka kumi na mitano imepita, na bunge halijauridhia. Kila Jumamosi Bek hufungua sebule yake watu wakaombe: huyu kitanda cha hospitali, yule kazi ya mwanawe jeshini, mwingine dawa zisizopatikana madukani. Mimi nilikwenda kuuliza habari za mkataba. Mara ya kwanza akasema nchi haina baraza la mawaziri. Baraza likapatikana, akasema barabara zimejaa waandamanaji, si wakati wake. Halafu ikawa korona. Mara ya nne akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akashusha pumzi, akasema mkataba ni gharama, binti yangu, na benki zimeanguka.

Nikamwamini. Hilo ndilo kosa langu na linaniuma hadi leo: mwalimu wa hesabu mzima, nikadhani tatizo ni hesabu.

Basi nikaamua kumtafutia njia isiyo na gharama. Darasa la chekechea la shule ile liko chini na mlango wake ni mpana. Mjomba wangu Jiryis, fundi wa kuchomelea, akaunda mteremko wa kupitishia kiti changu kwa mabaki ya geti bovu, akaukaza mlangoni pale. Bi Jumana, mwalimu mkuu, akakubali sanduku letu liwekwe humo. Ruhusa ikatoka mkoani, ina muhuri. Nikamwambia mama kwamba safari hii nitaingia mwenyewe, nipige kura yangu, nitoke, kama mtu.

Jumapili ya uchaguzi nikajisukuma juu ya mteremko wa mjomba. Mlango ulikuwa na kufuli. Bi Jumana akanijia ameinamisha macho, akasema jana watu wa Bek walipiga simu, sanduku libaki ghorofani kwa sababu za usalama. Usalama wa nani, hakujua.

Na pale penye ngazi walisimama vijana wanne, fulana mpya nyeupe zenye jina la Bek, na mpiga picha yuleyule.

"Karibu, dada yetu," mmoja akasema. "Wewe mwepesi. Dakika moja tu."

Nikakaza breki. Nikawaambia atakayegusa kiti hiki nitamng'ata, na sikuwa natania. Nikamwomba msimamizi wa kituo ashushe sanduku. Akajibu kwamba sheria hairuhusu sanduku kutoka chumbani. Sheria! Ile ya kunifaa mimi imelala kwenye droo miaka kumi na mitano, lakini hii ya sanduku ilikuwa macho tangu alfajiri. Wale vijana wakampandisha Abu Nazih, mzee aliyekatwa mguu. Alifumba macho mpaka wakamfikisha juu.

Saa sita Bek akaja kuzungukia vituo. Akachutama kando yangu, mkono begani.

"Umenuna bure, Rudayna. Si nimekuletea vijana?"

"Mteremko haukukugharimu kitu, Bek. Kwa nini umefunga?"

Akacheka kwa upole, kama anayemjibu mtoto. "Sasa ukipanda mwenyewe, binti yangu, utanikumbuka kwa lipi?"

Waliomzunguka wakacheka pia. Miaka yote hiyo nilikuwa nauliza lini, kumbe mtu yule anaishi kwa kubeba watu. Haki haina mtu wa kushukuriwa. Siku mkataba ukipita, sebule yake itabaki na vikombe tu.

Mama, niliyekuja naye, alinisihi nikubali kubebwa. Nikakataa. Akaniangalia kidogo, kisha akashika ukingo wa ngazi akapanda peke yake, magoti yake yale mabovu, akipumzika kila vidato vitatu.

Aliporudi, kidole gumba chake kilikuwa na wino wa buluu. Nikamuuliza amemchagua nani.

"Sindano zangu za sukari zinaisha mwezi ujao," akasema. "Madukani hazipo. Nimpe nani mwingine?"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, na hilo ndilo linalonifanya nimchukie Bek kuliko yote. Tukakaa pale mpaka saa moja jioni, milango ikafungwa, mimi sijapiga kura. Mama akalegeza breki, akashika vishikio vya kiti, akanisukuma kwenda nyumbani. Njia nzima kile kidole cha buluu kilikuwa karibu na sikio langu, na mimi changu, kisafi, nimekificha ndani ya ngumi.