Karatasi za Nyanya Kahonzi

Kipindi cha tatu kilikuwa cha kompyuta, na shule haikuwa na kompyuta wala umeme. Mwalimu Jedida alikuwa akibandika kibodi aliyoichora kwenye manila, ndipo Kahaso wa gredi ya nane alipomletea karatasi mbili zilizokunjwa.

"Mwalimu, nyanyangu ataka kujua zasemaje. Hizi ni nakala. Leo saa sita aenda kwa chifu kutia kidole kwenye zile zenyewe. Ameambiwa ni ruhusa ya kupimiwa shamba."

Zilikuwa za Kiingereza. Jedida angeweza kuzisoma peke yake zikaisha. Lakini aliwatazama wale watoto arubaini na tatu, wengi wao wakikaa kwenye ardhi isiyo na hati, akaanza kunakili ubaoni. Sentensi moja, wakaitafsiri wakibishana, kisha nyingine. Hata wale wa nyuma, waliozoea kusinzia, walinyoosha mikono.

Walikuwa kwenye aya ya tatu Bwana Mwenda, afisa wa elimu, aliposimama mlangoni.

"Hii iko wapi kwenye mtaala, mwalimu?"

"Haimo, bwana. Ni ya shamba la nyanyake Kahaso. Lakini wanasoma."

"Mtihani hautawauliza mashamba ya nyanya zao."

Akavuta kiti, akafungua faili. Mkataba wa Jedida ulikuwa ukiisha Desemba, na sahihi ya kuuongeza ilikuwa ya bwana huyu. Jedida akafuta ubao. Akazitia karatasi mfukoni, akawaonyesha kitufe cha kufutia herufi. Kahaso alinakili bila kuinua uso.

Bwana Mwenda alikaa hadi kipindi cha mwisho cha asubuhi, akaondoka saa saba kasoro robo. Jedida akaisoma aya ya nne amesimama, kisha akamwita Kahaso, wakashika njia ya mchanga kwa haraka.

Nyanya Kahonzi alikuwa uani, akipukuchua mahindi. Dole gumba lake lilikuwa la buluu kwa wino.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

"Hukutungoja?"

"Niliwangoja. Chifu akasema wenzangu wote washatia, nimebaki mimi."

"Nyanya, haikuwa ya kupima. Imeandikwa umeuza shamba. Hadi hapa nyumbani."

Mikono ya Kahonzi ilisita juu ya gunzi. Alimtazama mjukuu wake, sare yake iliyotiwa viraka, kisha mwalimu. Hakupaza sauti.

"Miaka minane namuamsha huyu alfajiri. Huko shule mwamfundisha nini?"

Jedida akazitoa karatasi mfukoni.

"Basi nisomee, Kahaso," alisema Kahonzi. "Tangu juu. Nijue nilichofanya."

Jedida akampa Kahaso karatasi. Kahaso akapiga magoti kwenye maganda ya mahindi, akaanza kusoma.