Nilivyomfukuza Bwana Harusi kwa Kidole

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama jukwaani, kwenye ukumbi wa harusi kule Tanga, na watu wote wananisubiri.

Huwa naimba nyimbo za redioni kwa lugha ya alama. Si kazi, ni kitu ninachokipenda tu: nasimama chumbani mbele ya simu, najirekodi, nawatumia watu. Aliyenifundisha ni binamu yangu Zulekha, kiziwi tangu utotoni. Leo anaolewa. Aliniomba wimbo mmoja, mbele ya rafiki zake wote viziwi, na tangu aniombe naurudia kila usiku mbele ya simu.

Basi, katika ndoto, kwenye viti vya mbele yamekaa maspika makubwa. Yamevaa suti.

"Mbona hampigi muziki?" nayauliza.

"Leo tumealikwa," linajibu lile kubwa zaidi. "Kazi ni yako. Ila angalia, humu ndani ukisema kitu kwa mkono, kinakuja."

Naanza. Mstari wa kwanza unaomba mvua ya mapenzi. Nashusha vidole, mvua inanyesha ukumbini. Wageni wanafungua miamvuli bila kulalamika. Shangazi, mama yake Zulekha, anasukuma sinia la pilau chini ya meza.

Mstari wa pili unasema moyo wangu uchukue. Nagusa kifua, nanyoosha mkono, na moyo wangu uko kiganjani, wa moto kama andazi, unadunda. Natafuta pa kuuweka. Kila mahali pameloa.

"Naomba mnishikie," nayaambia maspika.

"Hatuna mikono," linasema lile kubwa, kwa masikitiko ya kweli.

Nabaki na mkono mmoja wa kuimbia. Nasema nyumba, inakuja nusu nyumba, haina ukuta wa nyuma. Nasema maua, yanakuja majani matupu. Viziwi wananitazama bila kupepesa macho. Jasho linanitoka. Bahati nzuri kuna mvua.

Kinafika kiitikio: mpenzi wangu, usiende. Kidole changu cha shahada kinateleza. Kidogo tu. Nimesema: mpenzi wangu, nenda.

Bwana harusi, Mbarak, anasimama. Anafunga kifungo cha koti, anawaaga wageni kwa adabu, anatoka.

"Rudi!" nasema kwa mkono mmoja.

Anarudi nusu njia. Anasimama hapo hapo, mguu mmoja hewani.

Nageuka nimtafute Zulekha nimwombe radhi, kumbe ukumbi si ukumbi tena, ni jiko la shangazi. Zulekha amekaa kwenye kigoda na shela lake, hina mbichi imemjaa mikononi. Dirishani namwona Mbarak, mguu bado juu, anaanza kuyumba.

Zulekha ananipokea moyo, anaufunika kwenye hotpoti pamoja na chapati ili usipoe. Sasa mikono yangu iko huru.

"Nimekufukuzia mume," namwambia kwa alama.

"Nimeona."

"Rafiki zako wote wameona."

"Wameona. Unaogopa nini hasa?"

"Naogopa kukosea lugha yenu siku yako."

Ananitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi. "Saumu, nyinyi mnaosikia mnakosea maneno ya nyimbo kila harusi. Nawaona midomo. Mnabuni, mnaendelea kucheza. Miaka yote nimekaa kwenye meza za harusi nikila pilau na kutazama midomo. Leo nataka wimbo. Ukikosea, endelea."

Kisha ananishika kifundo cha mkono, anakibana kwa dole gumba, na kwa mkono wake wa pili ananinyoosha kile kidole changu cha shahada, taratibu, mpaka kinakaa sawa.

"Sema tena."

Nasema tena, kwa mikono miwili. Mbarak anashusha mguu, anaingia jikoni, anauliza kama kuna chai.

"We Saumu, amka!" Ni mama, anavuta shuka. Tuko kwetu Morogoro, na basi la Tanga linaondoka alfajiri. "Bado unalala? Oga haraka."

Nanyoosha mkono anivute. Ananivuta, halafu hauachii. Anaugeuza kwenye taa.

"Na hii hina umepaka lini? Si tulisema mtapaka kulekule?"

Naangalia. Ndani ya kifundo cha mkono wangu kuna alama moja ya dole gumba, rangi ya machungwa, bado mbichi.