Salamu Thelathini na Moja

"Umechomeka waya?"

"Nimechomeka."

"Na upande wa kompyuta?"

"Mwanangu, miaka ishirini na mbili nimefungua cherehani za kiwanda kizima na kuzirudisha. Waya una ncha mbili, hilo nalijua."

"Haya, kompyuta inasemaje?"

"Haisemi kitu. Haijali, kama wewe."



"Hayo nayo yametoka wapi, mama?"

"Wewe unajua."

"Sijui. Miezi mitatu unanijibu kwa mkato, na mimi hata kosa langu silijui. Sikiliza, naingia kazini. Fungua ile faili niliyokutumia, bonyeza Pakia, umemaliza. Usiisome, utajichanganya."

Binti akakata. Mama akaiweka simu juu ya meza ya jikoni, uso chini.

Kioo cha kielektroniki kilichowagombanisha kilikuwa na ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Binti alikitengeneza mwenyewe na kukisimamisha juu ya friji miezi minane iliyopita, wiki ile aliyosafiri kwenda kufanya kazi nchi za mbali. Juu kilionyesha saa ya kule aliko. Chini, kila siku saa moja asubuhi, ilitokea salamu. Sasa binti amehamia mji mwingine, na saa ya juu ya friji imebaki kwenye mji wa zamani. Ili kuirekebisha, ilibidi kioo kiunganishwe na kompyuta kwa waya na kupewa programu mpya.

Mama alizizoea zile salamu, akiamini binti anaziandika kila siku. Alisimama mbele ya friji na mswaki mdomoni, akasoma, akajibu kwa sauti. "Nimekula. Wewe je?" Nyumba ya vyumba vitatu, na wa kumsikia hakuna. Moja aliipenda mpaka akainakili nyuma ya kalenda na kumwonyesha jirani: Nimekukumbuka, mama. Nyingine zilijirudia, akasema moyoni kwamba mtoto ana maneno machache, kamfuata baba yake.

Kisha ikaja asubuhi ya kumzika mdogo wake, yule aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Binti alikuwa amepewa habari tangu usiku. Mama aliingia jikoni na kanga ya msiba kiunoni, akainua macho, na kioo kikamwambia: Leo ni siku njema, mama. Tabasamu.

Kesho yake binti alipiga simu, akalia. Mama alimsikiliza kwa dakika mbili na kumwambia maji yanachemka. Hakumuuliza neno. Tangu hapo kila simu ilipoita alijibu ndiyo, hapana, haya, usiku mwema. Asubuhi aliendelea kusoma salamu, ila hakujibu tena.

Sasa mama akavaa miwani. Kioo kilikuwa kinawaka, kwa hiyo umeme unafika. Kompyuta haikioni, kwa hiyo habari hazifiki. Aliukagua waya: mwembamba, wa kuchajia tu, ulikuja na tochi. Akavuta droo ya vikorokoro, akapekua betri zilizokufa na funguo za makufuli yasiyokuwepo, mpaka akapata waya mnene wa kamera ya zamani. Hapo ndipo akasoma mpaka mwisho maelekezo ambayo binti aliyatuma na ile faili: shikilia kitufe cha nyuma, chomeka waya, na hapo hapo, kabla hujaachia, bonyeza Unganisha kwenye kompyuta.

Kitufe chenyewe punje ya mchele. Mkono mmoja kwenye kitufe, wa pili kwenye waya. Kompyuta ikamsubiri.

"Nishikie hapa," akasema.

Lilimtoka lenyewe. Kiwandani ulikuwa ukisema hivyo bila kugeuza kichwa, na mkono wa mtu unatokea. Alikaa vile vile, kitufe kikimuuma kidole, akisikiliza friji ikinguruma. Halafu akaachia, akaenda kambani na kurudi na kibanio cha nguo. Kikang'ata kitufe barabara. Akachomeka waya, akabonyeza. Kompyuta ikalia mlio mfupi: imekiona.

Faili ikafunguka. Usiisome. Umwambie hivyo fundi wa mashine na umtarajie atii? Akaanza kusoma.

Mwanzo yalikuwa maneno ya kimashine, akayapita. Katikati akakuta Kiswahili. Mistari thelathini na moja, kila mmoja na namba yake. Leo ilikuwa tarehe tisa, akaangalia wa tisa: Usiruke mlo, mama. Ndiyo aliyoisoma asubuhi. Akashuka. Wa ishirini na mbili: Nimekukumbuka, mama. Akarudi juu kidogo, pole pole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Wa kumi na nne: Leo ni siku njema, mama. Tabasamu.

Mdogo wake alizikwa tarehe kumi na nne.

Juu ya orodha binti alikuwa amejiandikia: zibadilishe kila mwezi.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga ingawa haikuwa chafu. Kwa hiyo hakutukanwa. Miezi mitatu amemnunia mtoto kwa neno ambalo mtoto hakulisema siku ile. Na zile nyingine zote, alizozijibu na mswaki mdomoni, nazo hakuna aliyezisema. Alikuwa akizungumza na friji.

Alifikiria kuufuta mstari wa kumi na nne peke yake. Kidole kilishafika. Kesho angeamka, asome, ajibu, na siku ziende.

Akaanza na wa kwanza. Alifuta maneno ya kila mstari na kuacha alama zake za kufungia, kama unavyotoa uzi na kuiacha sindano. Ishirini na mbili ilimkawiza. Akaifuta nayo. Saa hakuigusa. Akabonyeza Pakia.

Kioo kikazimika, kikahesabu asilimia zake, kikawaka: saa tatu na dakika kumi asubuhi, ya mji mpya. Chini patupu. Akatoa kibanio, akairudisha saa juu ya friji, akachukua simu.

Iliita mara tano.

"Mama, nipo kazini. Kimekataa?"

"Kimekubali. Salamu nimezifuta zote."

"Umeisoma."

"Nimeisoma. Sasa utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, na mimi nitakujibu wewe."

"Mama, mimi..."

"Toka nje kidogo, utafute mahali pa kukaa," mama akasema, akivuta kiti chake. "Halafu uniulize tulivyomzika mama yako mdogo."